Nani Ajenge, Nani Alipe: Mamlaka za Olimpiki Kutoka Montreal Hadi London

Watanzania waliofuatilia riadha miaka ya 1970 wanaikumbuka Olimpiki ya Montreal ya 1976 kwa mbio ambazo hazikukimbiwa. Filbert Bayi alikuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500, aliyoiweka Christchurch mwaka 1974, na mashabiki kila mahali walisubiri apambane tena na John Walker wa New Zealand. Hawakukutana. Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusia michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza katika Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu.

Wenyeji wa Montreal wanaikumbuka kwa deni.

Mji wao ulipewa uenyeji mwaka 1970, na Meya Jean Drapeau akawahakikishia wananchi kwamba michezo ingejilipia yenyewe. Uwanja mkuu, uliochorwa na msanifu Mfaransa Roger Taillibert, ulikuwa na mnara ulioinama wa kubebea paa, na kuujenga kulikuwa kazi ngumu kweli kweli. Migomo ikafuatana, bei zikapanda, na hapakuwa na chombo chenye nguvu ya kumzuia meya. Novemba 1975, miezi minane tu kabla ya ufunguzi, serikali ya jimbo la Quebec iliunyang'anya mji kazi hiyo na kuunda bodi ya kusimamia majengo ya Olimpiki. Bodi iliokoa tarehe ya ufunguzi, lakini pesa zilikuwa zimeshakwenda. Michezo ilifanyika mnara ukiwa haujakamilika; ulikamilika 1987. Deni lilimalizika 2006, miaka 30 baadaye, na sehemu kubwa ililipwa kwa kodi ya tumbaku. Mvuta sigara wa Quebec ambaye hakuwahi kukanyaga uwanja ule aliuchangia katika kila pakiti.

Kwa maoni yangu, ubaya wa Montreal haukuwa ndoto kubwa za meya. Ubaya ni kwamba chombo cha kudhibiti ujenzi kilizaliwa zege likiwa limeshamwagwa. Kenya inaujua uchungu wa kuchelewa: mwaka 2017 shirikisho la soka la Afrika, CAF, liliinyang'anya uenyeji wa mashindano ya CHAN 2018 na kuipa Morocco, viwanja vikiwa havijawa tayari.

Sydney ndiyo iliyoonyesha njia nyingine. Baada ya mji huo kuishinda Beijing kwa kura mbili mwaka 1993 katika kuwania uenyeji, jimbo la New South Wales lilizitenga kazi kwa sheria. Kamati ya maandalizi ingeendesha michezo yenyewe: tiketi, ratiba, sherehe. Mwaka 1995 ikaundwa mamlaka ya kusimamia ujenzi katika eneo la Homebush, ardhi iliyokuwa imechafuliwa na taka za viwandani. Baadaye ikaundwa pia mamlaka ya barabara na usafiri, jambo lililoonekana kuwa la busara baada ya Atlanta 1996, ambako madereva wa mabasi walioletwa kutoka nje ya mji walipotea njia huku wanariadha wakihofia kuchelewa mashindano yao.

London ilijifunza hapo. Ilishinda uenyeji tarehe 6 Julai 2005, ikiipita Paris kwa kura 54 dhidi ya 50. Kesho yake mabomu yakaua watu 52 katika treni na basi la mji huohuo. Hata hivyo Bunge halikuchelewa: Machi 2006 sheria ya Olimpiki ilipitishwa, ikaanzisha mamlaka ya ujenzi, ODA, yenye uwezo wa kutoa vibali vya ujenzi na kupanga usafiri. Kamati ya maandalizi, LOCOG, ilikuwa kampuni ya kujitegemea chini ya Sebastian Coe, yule aliyeivunja rekodi ya Bayi mwaka 1979.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Mwenyekiti wa kwanza wa ODA, Mmarekani Jack Lemley, alijiuzulu Oktoba 2006, akilalamikia siasa. Machi 2007 Waziri Tessa Jowell alisimama bungeni na kutangaza bajeti ya pauni bilioni 9.3, wakati maombi ya uenyeji yalitaja kiasi kidogo mno. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini bajeti hiyo ilikuwa na akiba ya dharura, na tangu siku ile haikuvukwa.

Mtendaji mkuu wa ODA, David Higgins, aliwahi kuongoza kampuni iliyoshiriki kujenga kijiji cha wanamichezo cha Sydney. Chini yake udongo wa bonde la Lea, eneo la ujenzi, ulisafishwa, nguzo 52 za umeme ziling'olewa na nyaya zikapitishwa chini ya ardhi. Zaidi ya watu 40,000 walifanya kazi pale na hakuna hata mmoja aliyekufa katika ujenzi. Hilo peke yake lastahili heshima. Inapasa pia kuwakumbuka wakazi wa mtaa wa Clays Lane, ambao nyumba zao zilibomolewa ili kupisha bustani ya Olimpiki.

Aibu ilitokea upande wa pili. Wiki chache kabla ya ufunguzi, kampuni ya ulinzi ya G4S, iliyopewa mkataba na LOCOG, ilikiri kwamba haitapata walinzi wa kutosha. Serikali ikaita wanajeshi 3,500 wa ziada. Kisha michezo ikaanza, na katika uwanja uliojengwa na ODA David Rudisha wa Kenya akakimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Siku tatu baadaye Stephen Kiprotich akaipa Uganda dhahabu ya marathoni.

ODA ilivunjwa mwaka 2014, kazi yake ikiwa imekwisha. Bustani na uwanja vilikuwa vimeshakabidhiwa kwa shirika jingine la umma, lililoundwa Aprili 2012. Hilo ndilo lililobeba mzigo wa kuugeuza uwanja ufae soka ya West Ham, klabu iliyohamia pale 2016 kama mpangaji. Gharama za mageuzi hayo zilifika pauni milioni 323, na sehemu kubwa ilitoka mifukoni mwa walipa kodi.