Besi Isiyoandikwa Jina: Carol Kaye na Santuri za Wenzake

Mchana alipiga taipu nyaraka za kiufundi. Usiku alipiga gita katika vilabu vya jazi vya Los Angeles. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya Carol Kaye katika miaka ya 1950: mwanamke wa miaka ishirini na ushei, mwenye watoto wawili na mama wa kumtunza, muziki ukiwa nusu ya riziki yake na taipu nusu ya pili. Lugha yetu ina mwanamuziki wa ridhaa na mwanamuziki wa kulipwa, lakini haikumpa jina huyu anayeishi baina yao, ingawa ndiye aliye wengi. Sisi watunzi twamjua vyema. Sijapata kumwona mtu aliyelipa kodi ya nyumba kwa tarbia.

Bi Carol alizaliwa tarehe 24 Machi 1935 katika mji wa Everett, jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Baba yake alikuwa mpiga tromboni na mama yake mpiga piano. Wote wawili waliishi kwa muziki, na kwa muziki huo hawakupata shibe. Mwaka 1942 familia ilihamia Wilmington, jirani na bandari ya Los Angeles, na baadaye wazazi wakatengana. Alipotimiza miaka 13 mama yake alimnunulia gita kutoka kwa mchuuzi aliyekuwa akipita mlango kwa mlango, kwa dola 10. Mwalimu wake, Horace Hatchett wa Long Beach, alimwona mwepesi wa kushika, akampa kazi ya kumsaidia kufundisha. Ilipofika 1949 binti huyo wa miaka 14 alikuwa akifundisha kwa ujira na kupiga vilabuni, na fedha alizopata zilikwenda jikoni kwa mama yake.

Mwaka 1957 mtayarishaji Bumps Blackwell alimsikia kilabuni, akamwomba aje studio kumpigia kijana mmoja, Sam Cooke. Alisita. Wapigaji jazi wa zama zile waliiona studio kuwa ni mahali pa kupotelea, na aliyeingia humo aghalabu hakurudi tena kwenye jazi yake. Lakini kikao kimoja cha saa tatu kililipwa kwa kiwango kilichowekwa na chama cha wanamuziki, nacho kilikishinda cha kilabu kwa mbali. Akaingia. Mwaka uliofuata gita lake lilikuwamo katika "La Bamba" ya Ritchie Valens, wimbo ambao hata asiyejua neno moja la Kihispania anaweza kuufuatisha kwa mluzi.

Besi ilimjia kwa bahati. Siku moja mwaka 1963, katika studio za Capitol, mpiga besi hakutokea. Saa ilikuwa inakimbia na ujira unahesabiwa. Bi Carol akapewa gita la besi, akalipiga. Alilipenda kwa sababu mbili, nami naipenda zaidi ile ya pili, maana ni ya mtu wa kazi. Kwanza, aliona kuwa katika besi ana nafasi ya kubuni. Pili, mpiga gita alilazimika kubeba magita matatu au manne kutoka studio hadi studio, ilhali mpiga besi hubeba moja tu.

Wengi waliipiga besi kwa vidole vitupu. Yeye alitumia kile ambacho wapiga udi wetu hukiita risha, na juu ya nyuzi, karibu na daraja, aliweka kipande cha kitambaa kizito ili mlio usiburure. Sauti ikawa fupi, yenye ncha, inayosikika hata katika redio ndogo ya gari.

Msomaji apendaye ushairi ataielewa besi upesi kuliko mwingine. Mwenye kusikiliza utenzi hahesabu mizani, lakini mizani ikipungua moja tu atageuza shingo. Besi ndiyo mizani ya wimbo: haionekani, na ikikosekana kila kitu huyumba. Chukua wimbo wa Sonny na Cher, "The Beat Goes On," uliotolewa mwaka 1967. Umejengwa karibu wote juu ya kodi moja. Ulipoletwa studio, kwa maelezo ya Bi Carol, ulikuwa mkavu. Wapigaji walijaribu hili na lile, hadi yeye akabuni mfuatano wa besi unaorukaruka na kurudi mwanzo. Mwondolee msikilizaji mfuatano huo uone kitakachosalia. Kadhalika "Wichita Lineman" ya Glen Campbell, ya mwaka 1968: zile noti za ufunguzi zinazoteremka ni zake, na gita ambalo Campbell alilipiga katikati ya wimbo aliliazima kwake.

Si kila noti ni yake, na yeye hakudai hivyo. Kuhusu kazi za Beach Boys amesema mara nyingi kwamba mistari ya besi ilitungwa na Brian Wilson, nao kazi yao ilikuwa kuipiga ipasavyo. Hata hivyo waliipiga wao. Jalada la Pet Sounds, la mwaka 1966, lina picha ya vijana wa Beach Boys wakiwalisha mbuzi. Mbuzi walionekana, wapigaji hawakutajwa.

Yeye mwenyewe amekadiria kuwa alishiriki vikao 10,000. Idadi hiyo nimeipima. Kutoka 1957 hadi 1976 ni takriban miaka kumi na tisa, basi ni vikao 500 na zaidi kwa mwaka, yaani kama viwili kila siku ya kazi. Kwa mji ule na zama zile, ambapo mtu aliweza kuanza asubuhi na tangazo la biashara, adhuhuri akapiga katika filamu na usiku akamaliza kwa santuri, hesabu hiyo si ya ajabu. Humo mna hata ile besi ya mapigo matano ya Mission: Impossible, aliyoitunga Lalo Schifrin.

Sasa nifike penye uchungu. Kampuni ya Motown ya Detroit ilikuwa na mpiga besi wake, James Jamerson, fundi asiye na mfano. Naye hakuandikwa: jina lake lilichapwa kwenye jalada la Motown kwa mara ya kwanza mwaka 1971, katika What's Going On ya Marvin Gaye, baada ya miaka kumi na zaidi ya kuwapigia wengine. Alifariki mwaka 1983. Bi Carol, ambaye kweli aliifanyia Motown kazi huko Los Angeles, amedai kuwa baadhi ya nyimbo ambazo watu humpa Jamerson ni zake, mojawapo "I Was Made to Love Her" ya Stevie Wonder ya mwaka 1967. Watafiti wengi wamempinga, nami katika wimbo huo naegemea kwao: Jamerson alidonoa nyuzi kwa kidole kimoja, cha shahada, na mlio wake ni mviringo, haufanani na ule wa risha. Lakini siwezi kumcheka Bi Carol. Watu wawili walionyimwa majina yao wameachwa kugombania noti, mmoja akiwa kaburini, na waliowanyima hawamo katika ugomvi. Mimi nimefasiri vitabu ambavyo jina langu lilitiwa nyuma ya ukurasa, kwa herufi ndogo kuliko za bei. Na kimoja hakikunitaja kabisa. Mtu akipita hapo huanza kulinda hata kisicho chake.

Mwaka 1969 alitoa kitabu cha kufundishia besi, How to Play the Electric Bass, na humo jina lake limeandikwa kwa herufi zinazoonekana. Mwingereza Sting ni mmoja wa waliojifunza kwacho. Mwaka 1976 ajali ya gari ilimpunguzia kazi ya studio. Akarudi kwenye ile ya utotoni, kufundisha, na hata alipopita miaka 80 alikuwa akiwapa wanafunzi masomo kwa njia ya intaneti.

Kundi la wapigaji wa Los Angeles limekuja kujulikana kwa jina Wrecking Crew, yaani kikosi cha wabomoaji, jina lililoenezwa na mpiga ngoma Hal Blaine katika kitabu chake cha mwaka 1990. Bi Carol alilikataa siku zote. Alisema enzi hizo hakuna aliyewaita hivyo, na kwamba ni tusi. Mwaka 2025 ukumbi wa heshima wa muziki wa roki nchini Marekani ulimteua kuingizwa humo. Akiwa na miaka 90, alijibu kwamba hatahudhuria. Alieleza kuwa yeye ni mpiga jazi aliyeingia studio kwa bahati tu, kwa ajili ya Sam Cooke, na kwamba kazi ya humo ilikuwa ya watu wengi pamoja, haikuwa ya mtu mmoja wa kusimamishwa jukwaani.