Kuhesabu Maji: Kutoka Rukwa hadi Msembe

Mhariri ameniomba niandike kidogo juu ya kazi yangu serikalini. Kazi yenyewe ni kufuatilia vipimo vya maji mwaka baada ya mwaka, na kwa mtazamaji haina msisimko wowote. Lakini ina historia, na sehemu ya historia hiyo imepita nyumbani kwetu Ivuna. Nitaanzia huko.

Wenzangu wa bwenini walinitania kwamba natoka nchi ya chumvi. Ni kweli. Mwaka 1966 Brian Fagan na John Yellen walichimba kwenye chemchemi zetu za maji ya chumvi, wakakuta kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi hapo tangu karne ya 13 hivi. (Wanasayansi wa mbali wanaijua Ivuna kwa jambo jingine: tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kwetu kimondo cha gramu 705 hivi, na ndani ya udongo wake mna maji yaliyofungamana nao tangu jua lilipokuwa changa. Hata mawe yetu ya mbinguni yana maji!)

Chini ya Ivuna liko Ziwa Rukwa. Mito inaingia, ukiwamo Momba na Songwe, lakini hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa jua tu, na chumvi hubaki. Tena sakafu ya ziwa ni tambarare kama sinia, hivyo kina kikipanda kidogo ukingo husogea mbali sana. Mwaka 1929 ziwa lilikuwa na urefu wa kilomita 50 hivi. Mwaka 1939 lilifika kilomita 128. Aliyelima ukingoni katika ile miaka ya ukame alikuta shamba lake limekuwa mahali pa kuvulia samaki.

Nani alishughulika kufuatilia mambo hayo? Wenye shida ya nzige. Nzige wekundu walivamia nusu ya Afrika kuanzia mwaka 1930 hadi 1944 hivi, na mbuga za Rukwa zilikuwa moja ya vitalu vyao. Mwaka 1949 nchi zilizohusika zilitia saini mkataba wa kuwadhibiti, makao yakiwa Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Mtaalamu wao, Desmond Vesey-FitzGerald, alichunguza nyasi za bonde hili kwa miaka mingi, kwa sababu maji yakipungua nyasi huota, na nyasi zikiota nzige hupata pa kuzaliana. Yeye alikuja kwa ajili ya nzige, na sisi tukarithi habari za ziwa.

Sasa wadogo zetu mlioko madarasani mtauliza: tarakimu za zamani zina faida gani? Niwapeleke upande wa pili wa milima, katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambako nchi ni kavu na wanyama hutegemea mto mmoja wakati wa kiangazi. Pale Msembe maji ya Ruaha Mkuu yamepimwa tangu miaka ya 1960. Kwa miaka thelathini hivi vitabu vinaonyesha mto unapungua kila kiangazi, lakini unatiririka. Mwaka 1993 ukakauka. Tangu hapo kukauka kukawa desturi, majuma kwa majuma, na viboko wakasongamana katika madimbwi ya matope.

Wengi walisema mvua zimekwisha. Wengine wakawanyoshea kidole wafugaji wa Usangu na ng'ombe wao. Vitabu vilipofunguliwa vilionyesha kwamba maji ya masika hayakubadilika sana. Yaliyotoweka ni yale kidogo ya kiangazi, na hayo yalikuwa yakichepushwa huko juu na mifereji ya mashamba, hata mpunga ulipokuwa umekwisha kuvunwa. Kama Msembe pangeanza kupimwa mwaka 1993, kila mtu angebaki na lake. Mimi naamini hivyo kabisa, ingawa nakiri kwamba wafugaji walihamishwa Usangu mwaka 2006 na 2007, na mto haukurudi kutiririka kiangazi chote.

Kwa Rukwa hoja ni ngumu zaidi, maana ziwa hili lina tabia ya kupungua na kujaa lenyewe. Anayetaka kujua kama mifereji na ukataji miti vinalidhuru lazima kwanza aitambue tabia hiyo, na tabia haionekani katika vipimo vya miaka mitano. Hapo ndipo kazi inapowachosha vijana wetu. Msoma kipimo anatembea asubuhi hadi kwenye nguzo yenye alama za sentimita. Mwezi wa Agosti anaweza kukuta tarakimu ileile siku kumi mfululizo, na anatakiwa kuiandika mara kumi.