Chungu cha Marehemu na Historia ya Pwani

Vitu anavyoviacha marehemu ni vya namna mbili: vile vinavyoingia katika hesabu ya mirathi na vile visivyoingia. Shamba, nyumba na dhahabu hupimwa, na kila mrithi akapewa fungu lake. Chungu alichokifinyanga marehemu kwa mikono yake aghalabu hakina fungu. Hukaa jikoni mpaka atokee mtu wa kukitaka kwa mapenzi tu. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba mtu huyo hatunzi kumbukumbu ya jamaa yake peke yake. Hutunza pia hati ya historia, na hati hiyo haina nakala.

Watu wa pwani tangu zamani walikienzi chombo cha kauri kilichovuka bahari. Katika nyumba za mawe za Lamu kilipangwa vidakani, na katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi mabakuli ya Uchina yalijengewa ndani ya chokaa. Wataalamu wa kwanza wa mambo ya kale nao walikitazama sana, kwa kuwa kipande cha kauri huweza kutajwa karne yake, na kwa hicho umri wa ukuta ukakisiwa. Faida hiyo haikanushiki. Lakini ilifuatana na dhana mbaya, kwamba kama sahani ilitoka ng'ambo, basi na mji wenyewe uliletwa kutoka ng'ambo.

Dhana hiyo ilivunjwa kwa ushahidi wa vyombo vinyonge. Mwaka 1967 Robert Soper alieleza vyungu vilivyofukuliwa Kwale, kusini ya pwani ya Kenya, ambavyo umri wake wafika karne ya 3. Kuanzia mwaka 1980 Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate. Tabaka za chini, za karne ya 8, zilitoa vigae vya wenyeji kwa wingi, na vya kigeni kwa uchache. Mwaka 1994 Felix Chami, mtaalamu wa Tanzania, alitoa hoja kwamba vyungu vyenye michoro ya pembetatu, vilivyotumika baina ya karne ya 6 na ya 10 kutoka visiwa vya Lamu mpaka Msumbiji na Komoro, vilitokana na ufinyanzi wa wakulima na wahunzi waliotangulia papa hapa. Basi kigae kisichothaminiwa na mtu ndicho kilichotoa ushahidi kwamba miji hii ina mizizi katika ardhi yake.

Ni nani waliofinyanga vyombo hivyo? Kwa kadiri desturi za pwani na bara yake zionyeshavyo, wengi walikuwa wanawake, na binti alijifunza kwa mama au shangazi. Udongo ulichimbwa, ukapondwa, ukachanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa usije ukapasuka motoni. Chombo kikainuliwa kwa mkono bila gurudumu, kikalainishwa, kikaanikwa, kikachomwa kwa kuni na majani. Nyumbani kwetu umo mtungi wa bibi yangu mzaa mama. Ukitia mkono ndani, vidole hutua penye mabonde yaliyoachwa na vidole vyake. Nje aliusugua ukawa laini kwa ajili ya watu. Ndani aliuacha kama ulivyotoka mkononi. Hakuna picha yake inayotuweka karibu naye kama mabonde hayo.

Wahenga walisema, mfinyanzi hulia gaeni. Methali hii husemwa juu ya fundi asiyefaidi kazi yake, na historia imeitimiza kwa namna nyingine: mamia ya miaka ya ufinyanzi yametuachia vigae vingi, wala hapana jina hata moja la mfinyanzi wa kale. Mchimbaji aweza kutaja karne ya kigae na asili ya mchoro wake. Hawezi kusema aliyekichora alikuwa nani, wala alifundishwa na nani. Chungu kilichobaki katika jamaa kina ziada hiyo, ila ziada hiyo haimo katika udongo. Imo katika vinywa vya walio hai, nao hupungua kila mwaka.

Kwa sababu hiyo, kukifuta chungu vumbi na kukiweka mahali pa heshima ni nusu ya kazi. Aliyerithi na aulize wazee wangali wapo: udongo ulichimbwa wapi, mchoro huu mliuitaje, nani alimfundisha marehemu, chombo kilitumika kwa maji, kwa mchuzi au kwa dawa? Majibu na yaandikwe, yawekwe pamoja na chombo. Chungu cha udongo uliochomwa kwa moto wa kuni ni chepesi kuvunjika, na siku moja kitavunjika. Kikivunjika kabla ya maswali hayo kuulizwa, kitakachobaki ni kigae kama vile vya Shanga: chenye umri, kisicho na jina.