“Ni hapa tu”: historia ya nyota zinazopima njia



Sote tunaijua ile “ni hapa tu”. Unamuuliza njia kijana wa mlimani, anakuonyesha kwa kidevu: “Ni hapa tu, mama, ukipita kile kilima umefika.” Unapita kile kilima, kinatokea kingine. Unapita hicho, unakuta mto. Kijana hakusema uongo. Aliipima njia kwa miguu yake, na miguu yake haina mtoto mgongoni wala mzigo kichwani. Sisi wenyewe usiku tuliokimbia tuliambiwa ni mwendo wa saa mbili. Jua lilituchomozea tungali njiani, na bibi wa jirani tulikuwa tunambeba kwa zamu juu ya kiti cha mbao.

Nimekumbuka kiti kile juzi, kijana mmoja aliponiuliza kuhusu mchezo aliouona kwenye simu, watu wanatafuta visanduku vilivyofichwa porini. Unaitwa jiokashingi. Mtu anaficha kisanduku kisichoingia maji, ndani yake anaweka kidaftari, kisha anatangaza kwenye intaneti namba za mahali kilipo. Mwingine anafuata namba hizo kwa GPS, anakipata, anaandika jina lake na kukirudisha palepale. Ni mchezo wa watu wenye muda, nakubali. Lakini ndani yake wameshughulika na ile “ni hapa tu” kwa zaidi ya miaka 20, na habari hiyo inatuhusu kuliko mchezo wenyewe.

Mizizi yake ni ya zamani. Mwaka 1854, kule Uingereza, James Perrott wa Chagford, aliyekuwa akiongoza wageni katika nyika ya Dartmoor, aliweka chupa mahali panapoitwa Cranmere Pool. Ni mahali pa mbali, katikati ya vinamasi, na aliyefika aliacha humo kadi ya jina lake kama ushahidi. Mgeni wa Perrott hakuhitaji kuandikiwa kwamba njia ni ngumu, kwa sababu mwenye kuijua njia alikuwa mbele yake. Baadaye watu walianza kuficha visanduku vyao wenyewe kila upande wa nyika, wakiacha maelezo tu, na tangu hapo mgeni alibaki peke yake na maneno ya mtu asiyemwona.

Kuna jambo la Dartmoor ambalo mtu wa huku atalielewa haraka. Sehemu ya nyika ile, pamoja na Cranmere Pool penyewe, ni uwanja wa mazoezi ya jeshi. Siku za kupiga risasi hutangazwa mapema, mchana bendera nyekundu hupandishwa vilimani, usiku taa nyekundu. Na matangazo yanawaonya watembezi wasiguse chuma chochote watakachokikuta chini, kwani kinaweza kulipuka. Sisi tunawaambia watoto maneno hayohayo kila wanaporudi kwenye mashamba yaliyopiganiwa. Tofauti ni kwamba kule anayepiga ndiye anayepandisha bendera.

Sasa tuje mwaka 2000. Mpaka wakati huo Marekani ilikuwa ikiichafua kwa makusudi ishara ya setilaiti zake, ili raia na adui wasipate usahihi uleule wa jeshi lake. Kifaa cha GPS cha raia kiliweza kukosea kwa mita 100. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya rais Bill Clinton, uchafuzi huo ulizimwa, na vifaa vya watu vikaanza kusoma mahali kwa kukosea mita 20 au chini ya hapo. Kesho yake, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alienda kwenye msitu karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akaacha ndoo nyeusi yenye vitu vidogovidogo, kukiwemo vitabu, manati na kopo la maharagi. Alitangaza namba zake kwenye intaneti, na baada ya siku chache Mike Teague aliipata. Jina la mchezo lilipendekezwa mwisho wa mwezi huohuo, na Septemba Jeremy Irish akafungua ukurasa wa kuorodhesha visanduku vyote. (Lile kopo la maharagi bado lipo, linazungushwa kwenye mikutano ya wachezaji kama kitu cha heshima. Huku lingeliwa siku ileile.)

Ndoo ya kwanza ilikuwa pembeni ya barabara, lakini hazikukawia kufichwa nyingine juu ya miamba, ndani ya mapango na ng’ambo ya maji. Namba za GPS hazisemi habari hizo. Zinasema mahali, hazisemi njia. Kwa namba mbili zilezile unaweza kufika kwa kutembea dakika tano au kwa kuning’inia kwenye kamba. Ndipo kila kisanduku kikapewa nyota za aina mbili, kuanzia 1 hadi 5, na nusu zake katikati. Nyota za kwanza zinapima kichwa: ukishafika, kukiona kutakuchukua dakika chache, nusu saa, alasiri nzima, au siku kadhaa za kufumbua fumbo? Za pili zinapima miguu, yaani ardhi yenyewe.

Mtu mmoja ndiye anayepanga nyota hizo, na ni yule aliyekificha kisanduku. Yaani tumerudi kwa kijana wetu wa mlimani. Anajua kilipo, kwa hiyo kwake kutafuta ni rahisi. Alifika siku ya jua, kwa hiyo kwake njia ni kavu. Kuna wahakiki wanaojitolea kukagua kila kisanduku kabla hakijatangazwa, ila wanakagua kwa ramani na kanuni, hawawezi kupanda kila mlima.

Dawa yao ya kwanza ilikuwa kumwondolea mwenye kisanduku neno “rahisi”. Mchezaji mmoja alitunga fomu ya maswali. Fomu haikuulizi kama njia ni ngumu. Inakuuliza ni ndefu kiasi gani, ina majani kiasi gani, inapanda kiasi gani, mtu atalazimika kulala njiani, atahitaji chombo cha pekee. Unajibu, na fomu yenyewe inatoa nyota. Nimelipenda hili kuliko yote. Mtu yuleyule aliyekuambia “ni hapa tu”, ukimuuliza “kuna mito mingapi?”, atasimama, atahesabu kwa vidole, na atakuambia ukweli.

Dawa ya pili ilikuwa kuchagua ni miguu ya nani itakayokuwa kipimo. Kwa upande wa ardhi, nyota 1 haina maana ya “rahisi kwangu”. Ina maana kwamba mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu anaweza kufika. Nyota 2, watoto wadogo wanaweza. Kuanzia 3, watoto wadogo wabaki. Nyota 5 inadai chombo au ujuzi wa pekee, kama mtumbwi, kamba za kupandia au vifaa vya kuzamia. Kisanduku kilichowekwa mwaka 2008 kwenye kituo cha anga cha kimataifa nacho kina nyota 5 za ardhi, na mwanaanga Rick Mastracchio ndiye aliyekuja kukitembelea, mwaka 2013.

Angalieni kipimo kinaanzia wapi. Hakikuanzia kwa kijana mwenye nguvu na kuteremka, kilianzia kwa asiyeweza kutembea na kupanda. Na hapo ndipo ugomvi ulipo mpaka leo, kwa sababu ngazi moja tu ya mlango, au kokoto, au kisanduku kilichotundikwa juu kuliko mkono wa mtu aliyeketi, inatosha kuifanya nyota 1 kuwa uongo. Mwenye kukificha haoni ngazi hiyo. Aliipanda bila kujua kwamba ameipanda.

Nyota zikaharibiwa pia na tamaa. Ukiunganisha daraja 9 za kutafuta na daraja 9 za ardhi, unapata michanganyiko 81. Wachezaji walianza kuikusanya yote, kama watoto wanaojaza picha za wachezaji wa mpira, na michanganyiko adimu ikawa na bei. Wenye visanduku wengine wakaanza kupanga nyota za kuvuta watu, siyo za kuwaelekeza: kisanduku cha chini ya benchi kinapewa nyota za mlima. Utasema hilo halimdhuru mtu. Linamdhuru, kwani aliyekuta nyota 5 za uongo mara tatu, ya nne haiogopi tena.

Halafu kuna hatari ambayo nyota haziwezi kuibeba. Zipo alama nyingine ndogo za kuonya juu ya miiba, wanyama, majabali, wawindaji, ulazima wa tochi. Hata hizo hazitoshi. Julai 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, mtu alimshuku mwenzake aliyekuwa akishughulika na kisanduku barabarani. Polisi walifunga mtaa, wataalamu wa mabomu wa jeshi wakaja, na kisanduku kikalipuliwa. Kilikuwa cha mchezo. Kwa mtafutaji njia ilikuwa salama kabisa. Hofu ilikuwa ya wapita njia, ambao hakuna aliyewahesabu. Kanuni za mchezo zinakataza visanduku karibu na shule, reli, viwanja vya ndege na kambi za jeshi, na zinakataza kufukua ardhi bila ruhusa ya mwenyewe. Kwetu, nawaambia wazi vijana wanaouliza, mchezo huu usianzishwe. Mtoto tuliyemfundisha asiguse kitu asichokijua hawezi kufundishwa tena kufurahi akikuta kisanduku chini ya jiwe.

Na Juni 2018, huko Prague, watu wanne waliingia kwenye mfereji wa chini ya ardhi wakicheza mchezo huu. Mvua kubwa ikanyesha juu yao, maji yakaja kwa nguvu, wawili walikufa. Nyota zinaandikwa mara moja, na mtu aliyeziandika hayupo siku mvua inaponyesha. Waliouona mto Mulongwe hapa Uvira Aprili 2020 hawahitaji kuelezwa zaidi: njia ya jana asubuhi haikuwepo jioni.

Hapo inabaki kazi ya waliotangulia. Chini ya kila kisanduku kuna orodha ya maandishi ya waliokwenda, na desturi ya mchezo ni kwamba aliyeshindwa naye aandike. “Sikupata.” “Niligeuka, daraja limevunjika.” “Nilikuja na mama yangu, hakuweza kushuka.” Mchezaji mwenye uzoefu husoma maandishi ya walioshindwa kabla hajatazama nyota, na yakiongezeka, mwenye kisanduku hushinikizwa abadilishe nyota au akiondoe.

Bibi yetu wa kile kiti bado yu hai, yuko kwa mjukuu wake. Nilipomsimulia habari hii jana alicheka sana kuhusu maharagi, kisha akanyamaza. Aliniuliza kama yule kijana aliyetuonyesha njia usiku ule aliwahi kuambiwa kwamba tulifika asubuhi. Nilimjibu hapana, hakuna aliyerudi kumwambia. Akasema basi bila shaka mpaka leo anawaambia watu ni saa mbili.