Buibui Wetu, Chupa Zao

Likizo iliyopita nilikuwa ushago. Nikainua jiwe nyuma ya zizi, na buibui wa kijivu akatoka mbio kama mwizi. Hakuwa na utando wowote. Nikamuuliza guka anaitwaje. "Ni buibui tu." Manze, jibu hilo halijanitoka kichwani.

Nikaanza kusoma. Kuna ukoo mzima wa buibui wa chini, Gnaphosidae, wenye spishi zaidi ya 2,000. Hawatandi mtego. Mchana wanajificha chini ya mawe na majani, usiku wanawinda kwa miguu. Shida ni kwamba wengi wanafanana. Kuwatenganisha, mtaalamu huchukua aliyekomaa na kuangalia viungo vyake vya uzazi kwa hadubini. Ukileta mtoto, mara nyingi hakuna atakayekuambia ni nani.

Sasa sikia historia yenyewe. Majina ya wanyama kisayansi yanahesabiwa kuanzia kitabu cha Linnaeus cha 1758. Buibui pekee walipewa ruhusa maalum: majina ya Carl Clerck, Mswidi aliyechapisha kitabu chake 1757, yanakubalika. Sheria ni kwamba jina la kwanza kuchapishwa ndilo hushinda, na jina hilo hufungwa kwa mnyama mmoja halisi anayetunzwa makumbusho, kwenye chupa ya pombe kali. Ukisema umepata spishi mpya, lazima uonyeshe kwamba wako si yule wa kwenye chupa.

Na chupa ziko wapi? Enzi za kujengwa kwa reli ya Mombasa, C. Steuart Betton alikusanya buibui huku kwetu. Reginald Pocock akawaandika London, 1898. Mwaka 1911 na 1912, Alluaud na Jeannel wakazunguka Afrika Mashariki, na buibui wao wakaandikwa na Lucien Berland wa Paris. Hesabu majina hayo. Kuna hata mmoja wa huku?

Najua kuna msee atasema, "Si angalau walitunza?" Kweli, walitunza, na bila chupa hizo tungekuwa tunabahatisha. Lakini fikiria mwanafunzi wa Nairobi anayetaka kulinganisha buibui wa kwao: aombe viza, ama aombe atumiwe picha, ili ajue kilicho nyuma ya zizi la guka yake.

Na usiniambie haiwezekani kufanyia kazi hii Afrika. Mwaka 2007 Moira FitzPatrick, wa makumbusho ya Bulawayo, Zimbabwe, alipanga upya jenasi nzima ya Zelotes ya Afrika kusini mwa Sahara.

Msimamo wangu ni huu: spishi mpya ikipatikana Kenya, chupa ya kwanza ibaki Kenya. Guka hakukosea. Hakuna aliyewahi kumuuliza, wala kumletea jibu.

Kabla hujavua slipa kumponda buibui, mwangalie kwanza. Huenda bado hana jina.