Mwalimu Aliyekesha

Kila ninapolipia kitanda kimoja katika bweni la hosteli na kubaki na nauli ya kesho, namshukuru mwalimu Richard Schirrmann wa Ujerumani. Mimi pia ni mwalimu. Naujua uzito wa kuwa njiani na watoto wa watu usiku ukiingia.

Tarehe 26 Agosti 1909, yeye na wanafunzi wake, wakisafiri kwa miguu, walikumbwa na mvua kubwa ya radi katika bonde la Bröl. Wakajisitiri katika shule ya kijiji, wakalala juu ya majani makavu. Yeye alikesha akiwaza: shule hukaa tupu wakati wa likizo, mbona zisiwalaze wasafiri wadogo?

Kutokana na wazo hilo, mwaka 1912 hosteli ya kudumu ilifunguliwa ndani ya ngome ya Altena, yenye vitanda vya mbao vya ghorofa tatu. Vitanda hivyo vimehifadhiwa kama makumbusho. Mwaka 1932 shirikisho la kimataifa la hosteli liliundwa Amsterdam. Mwaka uliofuata Wanazi wakaziteka hosteli za Ujerumani, na baadaye Schirrmann akaondolewa katika uongozi. Dhuluma hiyo huniuma hadi leo.

Mwalimu mwenzangu, likizo ijayo, madarasa ya shule yako yafungulie watoto wa safari.