Miaka Mitano ya Msichana: Kutoka Mpanda Hadi Tokyo

Reli ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa enzi ya ukoloni kwa sababu huko palikuwa na madini ya risasi. Madini yalipoonekana, njia ilipatikana. Huikumbuka historia hiyo kila nifikapo Mpanda na kuwakuta wasichana wakicheza jioni kwenye uwanja wa vumbi. Hujiuliza: vipaji hivi vimejengewa njia gani?

Ili kulijibu swali hilo, nawatazama majirani zetu. Raga ya wanawake, ile ya wachezaji saba kila upande, iliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2016, jijini Rio de Janeiro. Katika kikosi cha Kenya alikuwamo Philadelphia Olando. Nafasi hiyo Kenya haikuipata moja kwa moja. Mabingwa wa Afrika mwaka 2015 walikuwa Afrika Kusini, lakini kamati yao ya Olimpiki iliikataa tiketi kwa hoja kwamba mashindano ya bara letu hayana ushindani wa kutosha. Kenya, washindi wa pili, wakaipokea. New Zealand waliwachapa 52-0, nao wakamaliza wa 11 kati ya timu 12.

Olando hakuishia hapo. Michezo ya Tokyo ilipofanyika mwaka 2021, alikuwa nahodha, na Kenya ikamaliza ya 10. Mpenda takwimu atasema wamepanda ngazi moja tu. Mimi naiona miaka mitano ambayo mwanamke aliendelea kufanya mazoezi, kukosea, kujifunza na hatimaye kuongoza wenzake. Maisha ya mchezaji wa kimataifa ni miaka ya namna hiyo iliyolindwa.

Sasa turejee Katavi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa mkoa huu wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au walikuwa wajawazito; kitaifa ilikuwa asilimia 27. Ndiyo miaka ileile Olando alipokuwa akielekea Rio. Novemba 2021, miezi michache baada ya Tokyo, Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa kupata ujauzito wataruhusiwa kurejea shuleni. Ni hatua ya haki, ila inamfikia msichana akiwa tayari ameanguka.

Mazungumzo yetu kuhusu michezo huanzia kwenye kocha na jezi. Kwa Katavi, naamini yaanzie kwenye bweni, ili binti asilazimike kupanga chumba mtaani akiwa na miaka 14 kwa kuwa shule iko mbali. Wakoloni walijenga reli kwa ajili ya risasi. Sisi tulio huru hatuna udhuru wa kushindwa kumjengea msichana bweni.